Pikapu ya Mshenga

Sijawahi kumsikia akisifu kitu kabla ya kutaja ila yake. Hata mvua ya kwanza baada ya kiangazi, sisi wengine tukitoka nje kumshukuru Mungu, yeye alisimama chini ya upenu wa nyumba yake, akatazama juu, akasema, "Imekuja na upepo mwingi, itaangusha migomba. Lakini ni mvua." Hilo "lakini" ndilo lililokuwa shukrani yake. Ilinichukua miaka kulielewa.

Kilima kizima kilimwita Mshenga, nami nitamwita hivyo hivyo. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kununua ndizi mashambani na kuzipeleka soko la Kisii, lakini hakuna aliyemwita mfanyabiashara. Kwetu alikuwa mtu wa kutumwa kati ya nyumba ya kijana na nyumba ya binti, kupeleka neno na kurudisha neno, mpaka ng'ombe wa mahari wakubaliwe, kisha binti aje. Nusu ya ndoa za kilima chetu, huku upande wa Nyamira, zilipita mdomoni mwake. Yangu pia. Habari za kuzaliwa kwake nawaachia watu wa ukoo wake. Mimi nilimjua nikiwa mhudumu wa zahanati ndogo ya kanisa letu, tangu miaka ya kwanza ya uhuru, na nataka kuandika yale niliyoyaona kwa macho.

Alipokwenda kuniposea, aliwaambia wakwe zangu nami nikiwa nimeketi pale pale: "Kijana huyu anafunga vidonda vizuri, anaomba vizuri, na hajui kulima. Shamba lake lina magugu kuliko mahindi. Mkimpa binti, mpeni na jembe." Nilitamani ardhi inimeze. Baba mkwe alicheka mpaka akakohoa. Binti nilipewa, na siku ya arusi jembe lililetwa, limefungwa utepe.

Baadaye nilimwuliza kwa nini aliniaibisha.

"Daktari," alisema, maana watu wa kilimani waliniita daktari ingawa nilikuwa dresa tu, mfunga vidonda, "ila ukiitaja mwenyewe ni ndogo. Wakiigundua wenyewe haina kipimo."

Sokoni alifanya vile vile. Aliushusha mkungu wa ndizi, akaugeuza, akaonyesha kwanza upande uliochubuka. Wachuuzi wageni walidhani ni mjinga. Wenyeji walijua, na kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Kiislamu pale mjini, mwenye duka karibu na soko, aliyenunua kwake tu. Alikuwa akiwaambia wengine, "Huyu akisema mkungu ni mbaya, ni mbaya. Akinyamaza, lipa."

Msidhani kwa hayo kwamba alikuwa mpole. Alibishana juu ya kiberiti kana kwamba ni shamba. Na kuhusu pikapu yake alikuwa bahili kuliko watu wote niliowajua.

Ilikuwa pikapu ndogo ya rangi ya kijivu, iliyotoka Japani, ikapita mikononi mwa bwana shamba mmoja kabla ya kumfikia yeye. Alipoinunua ilikuwa tayari imezeeka. Aliiita ndama wake. Kila Ijumaa alasiri aliiteremsha kijitoni, akaisugua kwa majani makavu ya mgomba, akaikagua magurudumu moja moja kwa kidole gumba. Ilikuwa gari pekee kilimani kwetu. Ukimwomba lifti alikutazama miguuni, akasema, "Viatu vyako bado vizima." Ukisisitiza, alikupakatisha mkungu wa ndizi, ili angalau safari yako iwe na faida kwa mtu. Nimewahi kufika Kisii hivyo, suruali yangu ya kanisani imejaa utomvu, ambao hautoki.

Kanisani aliketi kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango. Alikuwa na wake wawili, na sisi tunaoshika Sabato hatukuweza kumbatiza mtu wa wake wawili. Alilijua hilo, hakulalamika, na hakukosa Jumamosi hata moja. Alikuwa na sauti nzito, na nyimbo nyingi za kwetu zilisimama juu ya sauti hiyo kama nyumba juu ya mawe. Mahubiri yakirefuka, alitoka nje kuangalia mawingu, akarudi wakati wa wimbo wa kufunga. Mhubiri mgeni alimwuliza siku moja kwa nini haingii kundini.

"Mimi na Mungu bado tunajadiliana mahari," alisema. "Yeye hajakosea. Ni mimi nina ng'ombe wengi kuliko anaowataka."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Niliona baadaye kwamba yeye hakucheka.

*

Sasa nitaandika lile linalonifanya nikumbuke haya yote.

Zahanati yetu ilikuwa na vyumba viwili na kabati la dawa. Mgonjwa aliyetushinda tulimpeleka hospitali ya Kisii, na kumpeleka maana yake ilikuwa kumbeba kwa machela: wanaume wanne, mteremko mrefu wa udongo mwekundu, daraja la magogo juu ya mto, kisha kupanda upande wa pili mpaka barabara kubwa, ambako mlisimama mkisubiri gari lolote lenye huruma. Wakati wa mvua mteremko ule ulikuwa kama sabuni.

Mshenga alikuwa amempatia kijana mmoja wa kilima chetu mke kutoka Nyacheki, kule kwenye chai, mbali na sisi. Baba wa binti hakutaka kumtoa mwanawe mbali hivyo. Nilisimuliwa mazungumzo hayo na watu waliokuwapo. Baba aliuliza, "Na akiugua? Nyinyi huko mnabeba watu mabegani kama mizigo."

Mshenga akajibu, "Kilimani kwetu kuna gari. Ni langu. Binti yako hatabebwa mabegani."

Baba aliridhika. Hakuja kuona gari, wala mteremko, wala mto. Neno la Mshenga lilitosha. Ndivyo lilivyokuwa likitosha kila mahali.

Mwaka haukwisha. Binti alishikwa na uchungu siku ya soko. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, nami nilijua saa ile ile kwamba kazi ile si yangu. Tulituma mtu mbio kwa Mshenga. Pikapu ilikuwa Kisii na ndizi. Tukachukua machela. Mimi nilishika mti wa mbele, upande wa kulia, nikiomba kwa sauti ili yeye asikie. Tulipofika kwenye daraja la magogo alikuwa ameacha kulia, na nilijua kwa nini, lakini tuliendelea kutembea mpaka upande wa pili kwa sababu hakuna aliyeweza kuwa wa kwanza kusimama.

Baba yake alikuja mazishini. Hakumpigia kelele mtu. Alisimama mbele ya Mshenga na kusema neno moja tu.

"Ulituambia kuna gari."

Tangu siku hiyo Mshenga hakumposea mtu yeyote mke. Vijana walikwenda kwake na alikuwa akiwaambia, "Tafuta mwingine. Mdomo wangu umepata ufa."

*

Miezi miwili ikapita. Jumamosi moja, baada ya ibada, alinivuta kando.

"Daktari, nataka kuwapa zahanati ndama wangu. Akae kwenu, asitoke isipokuwa na mgonjwa. Waambie wazee waje kumwona Jumapili."

Sikuamini masikio yangu. Usiku huo niliomba kwa muda mrefu, nikamshukuru Mungu kwa jina la kila mgonjwa niliyewahi kumbeba.

Si wote waliofurahi. Mmoja wetu alinong'ona kwamba mtu wa wake wawili anajaribu kuingia mbinguni kwa gari. Mzee wa Kanisa, aliyekuwa kiongozi wetu, alimnyamazisha. Alikuwa mtu mwema, mpole, anayeogopa kumuumiza mtu hata kwa mtazamo. Jumapili asubuhi tulikwenda watu wanne, yeye mbele, na njiani tukachagua wimbo.

Pikapu ilikuwa imesimama uani, imeoshwa. Mshenga alitukaribisha, akatoa uji, akasema, "Huyo hapo."

Mzee wa Kanisa akavua kofia. Tukaimba. Akaomba sala ndefu na nzuri, akamtaja mtoaji, nyumba zake zote mbili, na watoto wake.

"Amina," alisema Mshenga. "Mmeona nini?"

"Tumeona mkono wa Bwana," Mzee wa Kanisa akajibu.

"Mkono wa Bwana, sawa. Na gurudumu la nyuma, la kushoto?"

Tulitazamana.

"Ndugu yangu," Mzee wa Kanisa alisema taratibu, "mtu akipewa, anashukuru. Kukagua zawadi ni kumtukana aliyeitoa."

"Wewe una mabinti watatu walioolewa. Ulipokwenda kuona ng'ombe wao, ulifumba macho ukaimba?"

"Hapana."

"Uliwafanyaje?"

"Niliwazunguka. Niliwatazama meno, kwato, matiti. Wawili niliwakataa."

"Na aliyekuletea alikasirika?"

"Aliniheshimu zaidi," Mzee wa Kanisa alikiri.

"Basi ng'ombe wa mahari mnamzunguka, na kitu kitakachobeba mama mwenye uchungu mnakiimbia." Alikwenda kwenye pikapu, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. "Nendeni nyumbani. Mkipata macho, rudini. Uji wenyewe malizeni, haujaharibika."

Tuliteremka kilima bila wimbo. Mzee wa Kanisa alikuwa ameumia. Alisema huyu mtu amebadilisha nia na anatafuta njia ya kuinyima zahanati, tumwachie Mungu. Wengine wakakubali. Mimi sikukubali. Nilikuwa nimeshika ule mti wa mbele, na bega langu lilikuwa halijasahau. Niliamua kwamba gari lile litakuja zahanati, hata kama nitakwenda kwa Mshenga kila siku mpaka anichoke.

Nilikwenda. Jumatatu alikuwa shambani na akaniambia amechoka. Jumatano nilimkuta njiani, nikamwambia kwa hasira kwamba wiki hiyo tumeshabeba watu watatu kwa machela, mmoja mzee mwenye kichomi, tena kwenye mvua.

"Wamepona?"

"Wamepona, kwa rehema ya Mungu. Si kwa rehema yako."

"Basi harakisha macho yako, Daktari," alisema, akaenda zake.

Sitaficha: nilimchukia kwa siku kadhaa. Nilifundishwa kushukuru kwa kila jambo, na jambo hilo lilinishinda.

Aliyenisaidia ni bibi mmoja wa kanisani, mjane, ambaye sote tulimwita Magokoro, yaani nyanya. Kwetu wanaokwenda kukagua ng'ombe wa mahari ni wanaume. Lakini kila mtu alijua kwamba marehemu mumewe hakuwahi kukubali ng'ombe hata mmoja kabla ya kurudi nyumbani na kumwuliza yeye. Nilimkuta akimenya viazi, nikamsimulia yote.

"Mlitembeza?" aliuliza.

"Nini, Magokoro?"

"Hilo gari. Mliona likitembea?"

"Lilikuwa limesimama."

Aliweka kisu chini. "Mjukuu wangu, ng'ombe aliyesimama hana kilema. Wote ni wazuri wakisimama. Ukitaka kumjua, mteremshe. Kupanda anaweza kukudanganya, kuteremka hawezi. Nipe fimbo yangu."

*

Tulirudi kwa Mshenga siku ile ile, mimi na Magokoro peke yetu, maana Mzee wa Kanisa alisema hataki kudharauliwa mara mbili. Mshenga alipomwona bibi akipanda njia na fimbo yake, alitoka mpaka kwenye ua kumpokea. Uso wake ulibadilika. Nadhani alifurahi, ingawa kwa mtu yule ilikuwa vigumu kujua.

"Wewe kijana," Magokoro alimwambia, na Mshenga alikuwa na mvi kichwa kizima, "umewatesa watoto wa watu. Mnyama wako yuko wapi?"

"Huyo hapo, mama."

Bibi alilizunguka gari mara mbili. Aligonga magurudumu kwa fimbo. Aliinama akatazama chini ya tumbo lake, akaniambia niiname pia, nami nikaona mafuta yakidondoka tone moja moja. Alipanda nyuma, tena kwa kusukumwa na mimi, akalala chali juu ya mbao mahali ambapo mgonjwa angelala, akatazama mawingu.

"Mvua itanipata hapa."

"Nitaweka turubai," alisema Mshenga.

"Si utaweka. Limewekwa?"

"Halijawekwa."

"Basi bado." Akateremka. "Hilo gurudumu la kushoto ni kipara. Lirudishe kwa mama yake, tuletee jingine. Haya, sasa mteremshe."

Mshenga alitoa ufunguo mfukoni. Mbele ya ua wake palikuwa na mahali pa mteremko mkali kuelekea barabara, kama mtu aendapo mtoni. Aliingia, mimi nikaingia kando yake. Mlango wa upande wangu haukushika. Ilibidi niuvute mara mbili. Magokoro alisimama chini, kando ya njia, kwenye nyasi.

"Msimamishe hapo katikati!" alipaza sauti. "Kisha umwachie kamba!"

Mshenga alikanyaga breki, gari likasimama. Akavuta breki ya mkono, akaondoa mguu, akaniangalia. Kwa kitambo tulikaa pale. Kisha mti mmoja niliokuwa nikiutazama dirishani ulianza kurudi nyuma, taratibu sana, kama mtu anayeaga. Gari lilikuwa linateremka lenyewe. Alikanyaga tena.

Nilielewa. Mtu angesimamisha gari lile mtoni kabla ya daraja, ashuke kuangalia magogo, na mgonjwa nyuma.

"Ulijua," nilimwambia.

"Nilijua."

"Na kama tungelichukua siku ile?"

"Ufunguo ulikuwa wapi, Daktari?"

Magokoro alikuwa anakuja juu akihema. Alichungulia dirishani.

"Huyu anachechemea mguu wa nyuma."

"Ndiyo, mama," alisema Mshenga. "Anachechemea."

"Tumemkataa."

Haki ya Mungu, naandika nilichokiona: mzee yule alitabasamu. Alishuka, akashika mkono wa bibi kwa mikono yake miwili, akasema kwa lugha yetu, "Mbuya mono," asante sana, kana kwamba yeye ndiye aliyepewa gari.

Alilipeleka kwa fundi mmoja kule Suneka, akakaa huko siku mbili akilala kwenye benchi la fundi ili kitu chochote kisibadilishwe bila yeye kukiona. Lilirudi na breki mpya, gurudumu jipya, turubai, na godoro jembamba la majani makavu ambalo mke wake wa pili alilishona. Safari hii Mzee wa Kanisa alikuja. Alilala chini ya gari kwa suti yake ya Sabato, ingawa ilikuwa Jumapili, akagonga hiki na kile, na alipotoka alikuwa na mafuta usoni na alionekana mdogo kwa miaka kumi. Tuliliteremsha. Tuliliachia. Halikusogea.

"Na mlango huu?" nilisema. "Bado unavutwa mara mbili."

Fundi alikuwa ameshindwa nao. Sote tulimtazama Magokoro.

"Huo mwacheni nao," alisema. "Hakuna bibi arusi asiye na kitu kimoja cha kuvumiliwa. Lakini kila anayepanda aambiwe."

Ndipo tukaimba.

Tulipokuwa tukinywa uji nilimwuliza Mshenga kwa nini hakutuambia tu siku ya kwanza kwamba breki ni mbovu. Yeye ndiye mtu wa kutaja ila kabla ya sifa. Kwa nini mara hii alinyamaza? Alizungusha kibuyu mkononi kwa muda.

"Kule Nyacheki waliniamini," alisema. "Hawakuja kutazama. Kama wangekuja, wangeuliza gari hushinda wapi siku ya soko, na mimi ningeanza kufikiri. Sikutaka mniamini tena, Daktari. Nilitaka mtazame."

*

Wake zake hawakumwachia hivi hivi. Alirudi kusafirisha ndizi kwa punda wawili, na mke mkubwa alikuwa akisema mbele ya wageni, "Niliolewa na mtu wa punda, nikawa mke wa mtu wa gari, sasa nimerudishiwa punda. Ningejua nisingezoea." Mshenga alijibu kwamba punda hawahitaji petroli. "Lakini wanakula," mke akasema. "Wanakula," alikubali.

Mimi nilijifunza kuendesha. Kila asubuhi kabla ya sala, kwa miaka yote hiyo, gari lilipelekwa kwenye mteremko ulio nyuma ya zahanati, likavutwa breki ya mkono, na dereva akashuka akasimama mbali akihesabu mpaka mia. Lisiposogea, tuliingia kusali. Wageni waliotutembelea walidhani ni desturi ya dini yetu, na sikuona haja ya kuwasahihisha sana. Ni akina mama wangapi walivuka mto ule juu ya godoro la majani, Mungu ndiye ajuaye. Wengine watoto wao walinisalimia njiani jana.

Mshenga hakupanda tena gari lile akiwa mzima. Hata mvua ikinyesha, akiwa na mikungu miwili mgongoni, nikisimama alinitazama na kusema, "Una mgonjwa?" Nikisema sina, alisema, "Basi unafanya nini barabarani?"

Alituma neno Nyacheki kwa baba wa yule binti, kwamba gari sasa linakaa zahanati. Jibu lilirudi na mwanamke mmoja mchuuzi wa majani ya chai: "Maneno yake nimeshayasikia." Hakutuma tena. Nilimwambia nitaliendesha mpaka kule mzee yule akalione, na alikataa. "Siku hiyo mama atashikwa na uchungu hapa, nawe uko Nyacheki unanitafutia msamaha. Hapana. Likae."

*

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea mwisho, na serikali ilikuwa imejenga daraja la saruji, siku ile mke mkubwa alipokuja kuniita. Nilimkuta Mshenga amelala, tumbo limevimba na gumu kama ngoma, uso wa majivu. Nilijua kazi ile si yangu. Nilikwenda mbio kuleta gari. Tulikuwa tumeahidiwa jingine jipya na lile la Mshenga lilikuwa na kutu hadi kwenye mifupa, lakini lilikuwa bado lile lile.

Wanawe walimtoa nje wamembeba juu ya kiti. Alipoliona alinyanyua mkono.

"Kwanza mteremshe."

"Baba, hakuna wakati," mwanawe alisema.

"Ameteremshwa asubuhi, Mzee," nilisema. "Nilihesabu mpaka mia."

"Sikuuliza kuhusu asubuhi."

Nilimjua vya kutosha. Niliingia, nikaliteremsha mpaka katikati ya ule mteremko wa mbele ya ua wake, nikavuta breki ya mkono, nikashuka, nikasimama pembeni, mikono mitupu. Yeye alikuwa juu, ameshikiliwa kwenye kiti, akinitazama mimi, kisha magurudumu. Maumivu yalimkunja nikamwona akikataa kufumba macho. Sikuhesabu. Yeye ndiye aliyehesabu, midomo yake ikienda.

"Haya," alisema. "Nipakieni."

Tulimlaza nyuma chini ya turubai, mke mkubwa kando yake. Niliendesha polepole. Kidirisha kidogo cha nyuma kilikuwa kimevunjika zamani, hivyo nilimsikia. Hakuongea mpaka magurudumu yalipobadilisha sauti juu ya saruji.

"Huu ni mto?"

"Ni mto, Mzee."

Sauti ya saruji ikaisha. Ukaja udongo tena, na kupanda.

"Tumevuka?"

"Tumevuka."

Kisha akasema, "Mwonyeshe baba yake."

Waliokuwa zamu hospitalini walimchukua moja kwa moja. Daktari, daktari wa kweli, alitoka jioni akasema wamefanya waliloweza, tusubiri asubuhi. Asubuhi alikuwa hai, hawezi kuongea. Nilijua anavyopima mambo, nikajua kwamba sikupewa ruhusa ya kusubiri zaidi. Nilituma mtu zahanati wapange machela siku hiyo moja, kama lolote likitokea, nikamwomba Mungu lisitokee, nikashika njia ya Nyacheki, kwa baba wa yule binti.

Nilimkuta mzee yule kwenye chai yake, kapu mgongoni, akichuma pamoja na wajukuu. Nilijitambulisha. Nilisema nilishika mti wa mbele wa machela siku ile. Nilisema nani amelazwa Kisii na nani amenituma, na kwamba hakunituma na neno lolote.

Aliteremsha kapu, akapita katikati ya mistari ya chai mpaka barabarani. Alilizunguka gari. Aliinama kwa shida, mkono kwenye goti, akatazama chini. Aligusa godoro. Kisha akanyoosha kidole kwenye mteremko uliokuwa mbele yetu.

"Lisimamishe pale," alisema. "Ushuke."

Nililisimamisha pale, nikashuka. Alisimama kando yangu, harufu ya majani mabichi mikononi mwake, na tulilitazama pamoja kwa muda mrefu kuliko mia.

"Hospitali iko njiani," nilisema hatimaye. "Naweza kukupitisha kwake."

"Kwanza mtoni," alisema. "Nivushe huo mto. Kisha tutarudi kwake."

Aliingia, akavuta mlango. Haukushika.

"Mlango huu una ila," alisema.

"Ndiyo, baba," nikamwambia. "Unavutwa mara mbili."

Akauvuta tena.